Paswedi ya chuo inajulikana hadi kijiweni

Nje ya uzio wa chuo kimoja hapa Mbeya, upande wa maktaba, kuna kijiwe cha bodaboda ambacho ukikiangalia huelewi kwa nini kiko pale. Si langoni, si kituo cha daladala, na barabara yenyewe ya vumbi inakwenda kufia kwenye mashamba ya mahindi. Siku niliyowauliza, kijana mmoja aliniamkia, "Shikamoo mzee," kisha akanigeuzia simu yake nijionee. Waifai imejaa hadi mstari wa mwisho, na jina la mtandao ni la chuo. Paswedi kaitoa wapi? Akanyoosha kidole kwenye kibanda cha chipsi. Ilikuwa imeandikwa kwa mkaa kwenye ubao, chini kidogo ya bei ya chipsi mayai. Mama mwenye kibanda alinieleza bila wasiwasi wowote: wanafunzi walikuwa wanamsumbua kila jioni, mama tukumbushe paswedi, mama tukumbushe paswedi, akaona bora aiandike.

Wiki chache baadaye chuo hichohicho kiliniita kwenye kikao, kama mtu wa TEHAMA. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa kuchagua "mfumo imara zaidi wa ulinzi wa waifai", na mjumbe mmoja alikuja na karatasi yenye majina manne, WEP, WPA, WPA2 na WPA3, akitaka nitie tiki kwenye moja tuondoke. Sikutia. Chuo kilikuwa tayari kinatumia WPA2, ambayo kama kufuli haina ubaya mkubwa. Shida ni kwamba ufunguo wake ulikuwa mmoja na kila mtu alikuwa nao, mama wa chipsi akiwemo. Kabla ya kuuliza kufuli lina unene gani, chuo kinapaswa kujua ufunguo uko mikononi mwa nani, na kama siku mmoja wao akiondoka anaweza kunyang'anywa wa kwake bila kuwagusa wengine. Kwa paswedi ya pamoja haiwezekani, na ndiyo maana nasema haifai kwa chuo hata ukiitumia na WPA3.

Karatasi ile, hata hivyo, tuimalize. WEP ilikuja na kiwango cha kwanza cha waifai mwaka 1997. Kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameshaonyesha ilivyooza, na 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliivunja kwa muda usiofika dakika moja. Ukiikuta bado inarushwa mahali, izime leo, usisubiri kikao. WPA ya 2003 ilikuwa kiraka cha kuvushia vifaa vya zamani. WPA2 ya 2004 ndiyo iliyotapakaa kila mahali, na WPA3 ilitoka 2018. Hapo katikati, mwaka 2017, Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alianika kasoro katika namna WPA2 inavyopeana funguo, ikaitwa KRACK. Dawa yake ni masasisho, kwa hiyo simu iliyoacha kupokea masasisho inabaki na kidonda chake.

Rudi kwenye paswedi ya mkaa. Wengi wanadhani maadamu mtandao una paswedi, basi kinachopita hewani kimefichwa kwa kila mtu. Kwenye WPA2 ya paswedi moja si hivyo. Simu inapojiunga hupeana ujumbe mara nne na kifaa cha kurushia waifai, na kutokana na ujumbe huo pamoja na paswedi hupatikana ufunguo wa mazungumzo yao. Aliyekaa kimbweta cha pili akaunasa ujumbe huo, na paswedi anayo kama wewe, anaweza kutengeneza ufunguo uleule akasoma.

Asiye na paswedi naye anarekodi ujumbe huo, anakwenda nao nyumbani, anakaa anabahatisha bila chuo kujua lolote. Hapa tabia yetu inatuponza. Ofisi na maduka mengi ninayopita huweka namba ya simu kuwa paswedi, kwa kuwa ina tarakimu kumi na inaonekana ndefu. Piga hesabu. Namba zetu za mkononi huanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane. Hizo ni namba milioni 100 kwa kila mwanzo, jumla milioni 200. Kompyuta moja yenye kadi nzuri ya picha, ile ya kuchezea michezo ya kompyuta, hujaribu paswedi za WPA2 zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Milioni 200 ni dakika tatu na ushei. Chai haijapoa, na hiyo ni kwa baridi ya Uyole ya mwezi wa saba.

WPA3 inauziba mwanya huo. Kila jaribio la kubahatisha lazima lifanywe na kifaa chenyewe kikiwa kinajibu, na mwenye paswedi hawezi kusoma ya jirani yake kwa kusikiliza tu. Ni hatua kubwa, sibishi. Lakini simu nyingi za wanafunzi zimetoka mkono wa pili au wa tatu na hazijui WPA3, kwa hiyo chuo huwasha zote mbili kwa pamoja, na mdukuzi anaingilia upande wa WPA2. Na ubao wa chipsi bado upo palepale.

Fundi mmoja wa Iringa, mtu makini kwa mengine, aliwahi kunishawishi kwamba dawa ni kusajili anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kila kifaa. Anwani hiyo hupita hewani ikiwa wazi. Mtu anaisikia ya mwenzake, anaivaa, anaingia. Isitoshe, Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu 2020 hubuni anwani ya bandia kwa kila mtandao, hivyo daftari lake lilijaa namba zisizo na wenyewe, na waliofungiwa nje walikuwa wanafunzi wenye simu mpya na nia njema. Kuficha jina la mtandao ndiko kabisa kujidanganya, maana simu iliyoagizwa kutafuta mtandao uliofichwa hutembea ikiliita jina hilo kila inakopita, mpaka sokoni Mwanjelwa.

Njia inayopendwa zaidi na vyuo vyetu ni ule ukurasa wa kuingilia. Mtandao uko wazi, unajiunga, unatokea ukurasa wenye nembo ya chuo, unaweka namba ya usajili na paswedi yako. Naelewa kwa nini unapendwa. Hauhitaji kuandaa simu ya mtu, unakubali kila kifaa, na kila mwanafunzi anaonekana ana ufunguo wake. Kasoro yake ni kwamba ukaguzi unafanyika mlangoni huku kuta hazipo. Kati ya simu na kifaa cha kurushia hakuna kilichosimbwa, yaani kufichwa kwa ufunguo. Tovuti nyingi siku hizi zinajisimba zenyewe, kwa hiyo ujumbe wako na salio lako la benki havisomeki kirahisi, ila majina ya tovuti unazotembelea kwa kawaida yanaonekana. Baya zaidi, ukishaingia, mfumo hukutambua kwa ile ile anwani ya MAC. Akiiiga jirani yako, anatumia intaneti kwa jina lako, na atakachokifanya huko kitaandikwa kwako.

Halafu ukurasa wenyewe unaigika. Hilo sikutaka kulieleza kwa maneno. Kwa ruhusa ya mwenyekiti, kabla ya kikao cha pili niliweka karuta kadogo, yaani ruta ndogo ya kurushia waifai, dirishani nyuma ya pazia, kanatumia pawabenki, hakana intaneti hata chembe. Nikakapa jina la mtandao wa chuo na nakala ya ukurasa wake, nikahakikisha hakahifadhi kitu chochote kinachoandikwa. Sala ya kufungua kikao haijaisha, simu za wajumbe zilikuwa zimeshaanza kujiunga zenyewe mifukoni. Tulipofika kwenye yatokanayo, mhasibu akaniinamia akanong'ona:

"Mwalimu, mbona leo ukurasa unanirudisha mwanzo?"

"Umeweka paswedi mara ngapi?"

"Mara tatu."

Nilisimama nikafungua pazia. Baada ya hapo hakuna aliyeniomba tena nitie tiki.

Njia ninayoisimamia ni ile inayoonekana kwenye simu kama 802.1X. Kifaa cha kurushia hakiamui nani aingie. Kinauliza seva, inayoitwa RADIUS, na seva ndiyo inayojua kila mtu kwa jina lake na paswedi yake. Kila anayeingia anapewa ufunguo wake wa usimbaji, kwa hiyo wa kimbweta cha pili hasomi kitu. Aliyehitimu au aliyefukuzwa kazi anafutwa jina lake peke yake, wengine hawajui hata kama kuna kilichotokea. Ukiwaza gharama, programu ya FreeRADIUS ni ya bure na inaweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida, na vifaa vya kurushia vya ngazi ya chuo karibu vyote vina chaguo hilo tayari, limelala tu. Chuo kilichoniita kilikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa TEHAMA, wanaoona 802.1X yoyote ni bora kuliko kutokuwa nayo. Mimi nasema 802.1X iliyofanywa nusunusu ni hatari kuliko paswedi ya mkaa.

Nieleze. Aina inayotumika sana vyuoni ni PEAP: simu na seva hutengeneza kwanza handaki lililosimbwa, kisha paswedi inathibitishwa ndani yake. Handaki hilo lina maana pale tu simu inapohakikisha aliyeko upande wa pili ni seva ya chuo, kwa kukagua cheti chake cha kidijitali. Sasa nenda kwenye mbao za matangazo. Nimeona kwa macho yangu, zaidi ya chuo kimoja, karatasi iliyopigwa chapa vizuri ikiwaelekeza wanafunzi: hatua ya nne, kwenye cheti, chagua "Usithibitishe". Kwa mstari huo mmoja chuo kimeng'oa mlango. Mtu yeyote mwenye karuta kama kangu, aliyekaa nje ya uzio na jina la mtandao wa chuo, atapokea majibu ya simu hizo zikidhani zinaongea na seva. Na majibu yale, ya mfumo wa kuthibitisha paswedi uitwao MS-CHAPv2, si ya kuficha kitu: mwaka 2012 Moxie Marlinspike, mtaalamu wa usalama wa mitandao, alionyesha kwamba kuyafungua ni sawa na kuvunja ufunguo mmoja wa DES, usimbaji wa miaka ya 1970. Hata paswedi iwe ndefu kama treni ya TAZARA, haitamzuia kuingia kwenye waifai kwa jina lako, na ile ya kawaida ataibahatisha hadi aipate.

Na paswedi hiyo ni ipi? Mara nyingi ni ileile inayofungua mfumo wa matokeo, ada na vyumba vya hosteli. Aliyeiba paswedi ya mkaa ameiba bando. Huyu wa pili ameondoka na mwanafunzi mzima, ikiwa ni pamoja na mhadhiri anayeingiza alama kwa paswedi hiyohiyo.

Nilitaka kujua ile "hatua ya nne" ilianzaje, maana hakuna afisa anayeamka asubuhi akaamua kung'oa mlango. Jibu nililipata kwenye meza ya kuwaunganisha wanafunzi, wiki ya usajili. Binti wa mwaka wa kwanza, katoka Makete, kaleta laptopu ya mtumba. Kila tukijaribu, cheti kinakataliwa. Tumeweka faili sahihi, jina sahihi la seva, hola. Nikaangalia kona ya kioo: laptopu inaamini leo ni Januari 2009. Kile kibetri kidogo cha ndani kimekufa, kila ikizimwa tarehe inarudi nyuma, na cheti cha seva kinasema kimeanza kutumika miaka mingi baadaye. Kwa laptopu ile, cheti kilikuwa hakijazaliwa. Ukirekebisha tarehe inaingia mara moja. Lakini weka foleni ya watu sitini nyuma yake, afisa mmoja ambaye hajala tangu asubuhi, na chaguo la "Usithibitishe" ambalo linamaliza kazi kwa kubonyeza mara moja. Ndivyo karatasi ya ubaoni inavyoandikwa.

Tangu mwisho wa 2020 chaguo hilo lilianza kuondolewa kwenye Android 11, na ndiyo maana kila mwaka husikia malalamiko kwamba waifai ya chuo "inakataa simu mpya". Simu haina kosa. Inafanya kazi ambayo chuo kilikwepa. Kazi yenyewe ni kumpa mwanafunzi faili moja dogo lenye cheti na jina la seva, alifungue, aweke jina na paswedi, amalize.

Hapo ndipo naona faida ya vyuo kujiunga na eduroam, mtandao wa waifai wa pamoja wa vyuo. Ulianzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, leo uko katika nchi zaidi ya 100, na mlango wake hapa kwetu ni TERNET, mtandao wa taasisi za elimu na utafiti. Ndani yake ni 802.1X hiihii, ila pamoja nayo kinakuja chombo cha kutengenezea mafaili hayo kwa kila aina ya simu na kompyuta, kazi ambayo afisa mmoja wa chuo angeifanya usiku na mchana. Mtu akisafiri, ombi lake la kuingia linarudishwa chuoni kwake kukaguliwa. Chuo mwenyeji kinaambiwa ndiyo au hapana, paswedi hakioni. Ukanda huu, wenye vyuo vikuu kama MUST na tawi la Mzumbe hapa Mbeya, Mkwawa, Ruaha Katoliki na Chuo Kikuu cha Iringa kule juu, watahini wa nje na watafiti wanapishana barabarani kila mara. Mgeni kufika akaomba paswedi ya waifai kwa katibu muhtasi, ikaandikwa kwenye kikaratasi, ni uendelezaji wa ubao wa chipsi kwa mwandiko mzuri zaidi.

Kuna jambo la umeme ambalo vitabu vya nje havilitilii uzito. Mvua zetu huanza Novemba, zikija na radi, na umeme kukatika katikati ya kipindi si habari. Vifaa vya kurushia mara nyingi vina betri au sola, seva ya RADIUS haina. Matokeo yake waifai inaonekana, imejaa, na inamkataa kila mtu, mkuu wa chuo akiwemo. Siku mbili za hivyo na utasikia sauti kwamba mfumo wa zamani ulikuwa bora. Ziwe seva mbili, katika majengo mawili, kila moja na betri yake. Kompyuta mbili za zamani zinatosha. Asiyeweza hilo asianze.

Vyuo vidogo, vya uuguzi au ualimu, ambako anayeitwa afisa TEHAMA ndiye pia mwalimu wa hesabu na msimamizi wa michezo, siwalazimishi RADIUS. Kuna vifaa vya kampuni kadhaa vinavyoweza kumpa kila mtu paswedi yake ndani ya jina moja la mtandao, na vinapokea simu yoyote ya WPA2. Ichapwe ya herufi za kubahatisha, itolewe na risiti ya ada. Ikivuja inakatwa ile moja. Si kamili, ila inaendesheka.

Kwa wanaotaka sababu ya kisheria ya kupeleka bodi: mtu akitukana au akitapeli kupitia waifai ya chuo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na atakayeulizwa nani alikuwa hewani saa ile ni chuo. Kwa paswedi moja jibu ni "wote". Na tangu Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuvujisha paswedi za wanafunzi kwa karatasi ya ubaoni si uzembe wa kuchekewa.

Chuo kile kilifanya uamuzi, nao niliupenda kwa sababu fedha nyingi hakikuziweka kwenye vifaa. Kilikodi wahitimu sita kwa wiki mbili za usajili, kikaweka meza mbili baada ya dirisha la ada, na mwanafunzi haondoki mpaka simu yake imeingia kwa cheti. Paswedi ya waifai ikatenganishwa na ya matokeo. Kwa dakika nne au tano kila mtu, foleni ilikuwa inazunguka jengo, na mkuu wa idara mmoja alitutolea maneno ambayo siyaandiki. Niliketi mezani siku mbili, nikarekebisha tarehe za laptopu hata sikumbuki ngapi.

Juzi nimepita ile barabara ya vumbi nikitegemea kijiwe kimehama. Kipo. Kijana yuleyule akaniamkia, nikamuuliza kama waifai bado inakamata.

"Inapiga kazi mzee, tena siku hizi ina kasi, watu wamepungua."

Nikampigia afisa wa chuo palepale. Mtandao wa zamani bado unarushwa, akasema, kwa ajili ya printa moja ya masjala isiyojua 802.1X, na aliyeisimika hayupo tena, hakuna anayejua mipangilio yake. Wataishughulikia. Nilipokata simu nikaangalia ubao wa kibanda. Chipsi mayai imepanda bei, na mama, kwa kuwa mkaa alikuwa nao mkononi, ameipitia upya na paswedi.